Kahawia Namba Kumi na Tano

Mama mkwe wangu Theopista alihamia kwetu Kawajense, mjini Mpanda, akiwa na begi moja la nguo na kipande cha ukuta. Sisemi kwa mafumbo. Kilikuwa kipande cha ukuta wa udongo, ukubwa wa andazi, amekifunga kwenye pembe ya kanga kwa mafundo mawili. Mvua za masika zilikuwa zimeiangusha nyumba yake kule Majimoto, huko Mpimbwe, likabaki jiko la nje peke yake, na katika kifusi chote kile, penye masufuria na picha ya marehemu baba mkwe, kitu alichookota kwanza ni hicho. Nilimpokea begi mlangoni. Nilipotaka kumpokea na kanga, akairudisha nyuma ya mgongo.

"Hiki usikiguse," alisema. "Nyie mkishika udongo, unakufa."

Nyie maana yake sisi Wasukuma. Nina miaka tisa ndani ya ndoa na mwanawe Wiliam, nimemzalia mjukuu, Evaline, yuko darasa la pili, lakini kwa Theopista mimi bado ni ng'ombe wa baba yangu. Baba, mzee Malale, alihamia Mpimbwe na mifugo yake mimi nikiwa mgongoni kwa mama. Kiangazi kimoja ng'ombe wake waliteremka mtoni kunywa maji, wakaukanyagakanyaga ukingo ambao Theopista alikuwa akichimba udongo wake wa kahawia, ukingo ukabomoka na kuingia majini. Imepita miaka zaidi ya ishirini. Baba ameuza ng'ombe, amezeeka, hata mto wenyewe umehama njia, ila yule mama bado anahesabu kwato. Siku ya posa yangu alisema mbele ya wazee wa pande zote mbili kwamba mahari atoe ya nini tena, maana ya upande wao ng'ombe wa baba walishaichukua mtoni.

Sasa nitasema jambo linalonichoma kulisema. Kwa kusiriba nyumba, Theopista hakuwa na mwenzake. Nimekulia Majimoto, nimeona kwa macho yangu. Krismasi ikikaribia, wanawake wanapotaka kuta zao zipakwe udongo mpya, watu walikuwa wanamfuata tangu Novemba na visado vya mchele wa kumshawishi. Alikuwa anauchekecha udongo kwa chandarua kuukuu, anauloweka, anaukanyaga kwa mguu mmoja ameshika ukuta. Halafu anachovya kidole, anajipaka upande wa ndani wa mkono, anaangalia mara moja, basi. Ama anasema "ongeza" ama anasema "tosha". Udongo mbichi huwa mweusi, ukikauka hupauka, na kila mwanamke anajua hivyo. Wengine walikuwa wanapaka kipande ukutani, wanakwenda kupika, wanarudi kikishakauka ndipo waamue. Yeye alikuwa anawacheka. "Anayengoja ukauke bado yuko shule," alikuwa anasema. Akimaliza kupaka, anasugua ukuta kwa jiwe jeusi la mtoni alilorithi kwa mama yake, mpaka ukuta unang'aa kama ngozi ya mtu aliyetoka kuoga. Padre akipita kubariki nyumba, haulizi aliyeisiriba ni nani. Anajua.

Na mimi je? Mimi naishi kwa rangi. Nauza kwenye duka la vifaa vya ujenzi hapa Mpanda mjini, na kwenye kona ya rangi mimi ndiye mwenye kadi za kuchagulia rangi, mimi ndiye mwenye mashine ya kuchanganya. Mafundi wazima wenye ndevu wananiuliza mimi. Theopista alipoambiwa kazi ya mke wa mwanawe, aliguna.

"Kwa hiyo anauza maji yenye uongo ndani," alisema.

Mwezi wa kwanza ndani ya nyumba moja nilikonda. Nikifagia uani, anafagia tena palepale, taratibu, ili jirani yetu Yustina aone. Nikipika ugali, anafunua sufuria, anaangalia, anafunika, anauliza kama wali umekwisha dunia nzima. Maziwa mgando niliyoletewa na ndugu zangu alikuwa anayapita ameshika pua. Nilimjibu, msidhani nilikaa kimya. Nilimwambia kwamba kwetu mgeni anayefagia baada ya mwenyeji anataka kuaga. Alinijibu kwamba yeye si mgeni, mgeni ni yule aliyefika Mpimbwe anaswaga ng'ombe. Wiliam alikuwa anainama juu ya sahani yake kama anatafuta sindano. Mume wangu ni fundi pikipiki, ana mikono inayofungua nati yenye kutu bila spana, lakini mama yake akiingia ndani uti wa mgongo wake unakuwa uji.

Mwisho wa mwezi huo Theopista akatangaza kwamba halali tena kwenye chumba chake. Kilikuwa chumba kizuri, chenye dirisha dogo upande wa jua linapozama, kuta nyeupe, nilizipaka mwenyewe kabla hajaja.

"Chumba cheupe kama cha kuhifadhia maiti," alimwambia Wiliam nikiwa nasikia. "Naamka asubuhi nashika kifua kuangalia kama bado napumua. Nataka kuta za nyumba yangu. Nataka rangi hii." Akafungua mafundo mawili ya kanga, akaweka kile kipande cha ukuta mezani, katikati ya vikombe vya chai.

Niliegemea meza nikakiangalia, na kwa mara ya kwanza nilikiona vizuri. Kahawia yenye wekundu kidogo kwa mbali, imetulia, haina uchafu. Kazini nimeshika kahawia za kila namna, na ile ningeitambua hata kati ya mia. Nilikasirika kwamba ilikuwa nzuri.

Kesho yake nikatoka kazini na makopo mawili ya rangi ya maji, kahawia namba kumi na nne na kahawia namba kumi na tano. Kwenye kadi zinakaa jirani, na wateja wengi hawazitofautishi. Nilikuwa na hakika kumi na nne ndiyo yenyewe. Kumi na tano nilileta kwa sababu namjua yule mama. Ukimpa kitu kimoja anakikataa, ukimpa viwili angalau anapata cha kukataa.

Tulizifungulia chumbani kwake. Zablon, fundi rangi ambaye tulikuwa tumemwita, alikuwepo na brashi zake. Wiliam naye alikuja kusimama mlangoni, akachungulia kopo hili, akachungulia lile.

"Mbona zote kahawia tu?" alisema.

Tulimgeukia wote wawili kwa pamoja, mimi na mama yake, tukamwambia atoke. Nadhani hiyo ilikuwa mara ya kwanza tunakubaliana.

Theopista alipiga goti moja kwa shida, goti linamsumbua. Hapo neno likanitoka mdomoni. Ningeweza kusema nilikuwa namhurumia, lakini ningekuwa naongopa. Nilitaka kumchoma.

"Mama, niachie nikuchagulie," nilisema. "Macho yenyewe hayo ya uzee. Hizi zinataka mtu anayeona."

Zablon akaanza kuzikagua nywele za brashi yake moja moja.

"Macho yangu?" alisema Theopista.

"Ndiyo."

"Wiliam! Rudi hapa usikie." Wiliam akarudi. "Mke wako anasema sioni. Sasa nasema mbele yako na mbele ya huyu fundi. Nachagua mwenyewe. Chumba hiki kikikosa rangi ya nyumba yangu, mimi kweli sioni, na mzee asiyeona hana kazi kwenye nyumba ya watu. Nitarudi Majimoto nikalale kwenye lile jiko langu, na mtakuja kunizika hukohuko."

"Mama, jiko lile halina mlango," Wiliam alisema.

"Nitakuwa mlango mimi."

Akachovya kidole kwenye kumi na nne, akajipaka mkononi, upande wa ndani, mstari mmoja. Akachovya kwenye kumi na tano, akachora mstari wa pili chini ya ule. Akaweka kipande cha ukuta pembeni ya mistari. Niliangalia na mimi. Kumi na nne, ikiwa mbichi, ilionekana imepauka kuliko kile kipande. Kumi na tano ilikuwa imekizidi kidogo kwa weusi, vilevile kabisa kama udongo mbichi unavyokuwa kabla haujakauka.

"Hii," alisema, akagonga mstari wa kumi na tano. Hakusita hata kidogo. "Ikikauka itarudi hapa kwenye kipande. Ile nyingine ikikauka itakuwa kama uji wa mtoto." Akachukua pembe ya kanga, akaitemea mate, akafuta mkono wake mpaka ukawa safi.

Hapo ndipo palipo na kosa langu, na sitalipaka rangi. Udongo ukikauka hupauka. Rangi ya maji ya dukani ikikauka hukolea. Ni kinyume kabisa, na kila anayeuza rangi anajua, kila fundi anajua. Theopista hakujua, na angejulia wapi? Maisha yake yote hajawahi kushika rangi ya kopo. Alikuwa amechagua sawasawa, kwa jicho lisilo na mchezo, ila alichagua udongo. Kama angengoja dakika ishirini mistari ile ikauke mkononi, angejionea mwenyewe. Lakini yeye hangoji. Anayengoja bado yuko shule.

Zablon alifungua mdomo. "Mama, lakini hiyo ikishaka..."

Nilimkanyaga mguu. Nilimkanyaga kweli, kwa kisigino, akafunga mdomo, akaniangalia, nami nikamwangalia. Ni kijana mwenye akili, anachukua rangi zake kwangu.

"Chaguo lako, mama?" nikauliza.

"Chaguo langu."

Nikafunika kopo la kumi na nne. Usiku ule nililala usingizi mzuri, jambo ambalo leo naona aibu kulisema. Niliwaza nyumba yangu bila mtu wa kufagia juu ya ufagio wangu.

Zablon alipaka siku ya Jumatano. Theopista alisimama mlangoni asubuhi akaona mapigo ya kwanza ya rola, yakiwa mabichi, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Halafu akavaa kitenge chake cha parokia akaenda kwa Yustina, maana siku hiyo jumuiya ilikuwa inasali pale na yeye alikuwa wa kukaanga karanga. Aliwaambia wanawake wote wa jumuiya kwamba sala ikiisha waje kuona Mpimbwe ilivyohamia mjini. Najua kwa sababu Yustina alinisimulia baadaye, na alinisimulia kwa uchungu.

Walifika saa kumi, wanawake sita, Yustina mbele na sahani ya karanga. Mimi nilikuwa nimetoka kazini mapema. Sikutaka kukosa.

Chumba kilikuwa kimekauka na kilikuwa kimekolea. Kuta nne za kumi na tano na lile dirisha dogo, ilikuwa kama kuingia ndani ya chungu kilichopikiwa maharage mwaka mzima. Wanawake waliingia wakasimama karibu karibu. Mmoja aliuliza kama umeme umekatika.

"Pametulia," alisema Yustina. Ni mama mwenye roho nzuri, hilo ndilo alilolipata. "Mtu utapumzika hapa."

Theopista alipita katikati yao akaenda ukutani, akafungua kanga, akabandika kipande chake juu ya rangi. Kilionekana chepesi juu ya kiza kile, kama jino moja kwenye mdomo wa mzee. Akakiondoa. Akakiweka tena, chini kidogo, karibu na dirisha. Akapitisha kiganja ukutani, kisha akamwita Zablon aliyekuwa anaosha brashi uani.

"Umebadilisha kopo?"

"Hapana mama. Kumi na tano. Hili hapa."

Aliliangalia kopo muda mrefu. Mimi nilikuwa nimejiandaa kwa vita. Nilikuwa na majibu nimeyapanga tangu asubuhi, mengine nilikuwa nimeyajaribu njiani kwa sauti. Nilikuwa tayari aniite mchawi mbele ya jumuiya nzima ili na mimi niitaje ahadi yake mbele ya jumuiya nzima. Hakuniita chochote. Alikaa kwenye ukingo wa kitanda, akaweka kile kipande mapajani.

"Ni macho," aliwaambia wanawake. "Kumbe kweli ni macho."

Wakaondoka bila kula karanga.

Siku mbili zilizofuata sitaki adui yangu azipate, na adui yangu ndiye aliyezipata. Theopista aliacha kufagia. Nilifagia uani vibaya makusudi, nikaacha majani chini ya kamba ya nguo, akayapita. Nilimwekea ugali akaula. Nilimwekea mgando, akanywa. Akasema asante. Miaka tisa sikuwahi kusikia neno hilo likitoka kwake kuja kwangu, na sasa lilikuwa linatoka kila saa, dogo, kama la mtoto aliyelelewa na watu wengine. Alianza kupapasa kikombe kabla ya kukishika. Kwenye ngazi ya barazani, ngazi moja tu, alikuwa anasimama, anatanguliza mguu, anatafuta. Alikuwa anaona vizuri kama mwewe, lakini aliamini haoni, na mwili ukamfuata.

Hasira iliyonipata siwezi kuieleza vizuri. Nilimkasirikia yeye. Nilitaka kumshinda, na nilikuwa nimemshinda, kumbe ushindi wenyewe una ladha ya maziwa yaliyoungua. Nilitaka aondoke ananitukana, amebeba begi kichwani, ili niseme mlangoni maneno ya mwisho. Sikutaka aondoke hivi. Mtu akiondoka hivi anakuachia nyumba nzima na huwezi kuishi humo.

Wiliam alinishika ufagio mkononi Ijumaa jioni.

"We ndiye unajua rangi," aliniambia. "Imekuwaje pale?"

"Alichagua mwenyewe," nilisema.

Ni kweli, na ni uongo mtupu.

Jumamosi saa nne asubuhi Wiliam alikuwa anafunga begi la bluu nyuma ya pikipiki ampeleke mama yake stendi, kwenye gari ya Majimoto. Alikuwa analifunga kwa mpira, anafungua, anafunga tena, utadhani si yeye anayefunga nati kila siku. Theopista alikuwa barazani amevaa viatu vya safari. Hakulia wala hakulalamika. Aliniita.

"Mama Evaline."

Nilimwangalia. Jina hilo ni langu tangu mtoto azaliwe, Yustina ananiita hivyo, wateja wananiita hivyo, yeye hakuwahi. Kwake nilikuwa Msukuma.

"Shika," alisema, akatoa mfukoni lile jiwe jeusi la mtoni, limelainika mpaka limekuwa kama sabuni iliyotumika. "Mpe mtoto achezee. Au tupa. Mimi la nini tena?"

Lilikuwa zito na la moto, lilikuwa limekaa karibu na mwili wake.

"Ulisema kweli siku ile," aliendelea. "Nilikasirika bure. Mtu akiambiwa ukweli asikasirike."

"Mama, subiri."

"Gari itaniacha."

"Macho yako hayana kitu!" Nilipiga kelele, mpaka Wiliam akaangusha mpira wa kufungia. "Hayana kitu! Rangi ya dukani si udongo. Udongo ukikauka unapauka. Rangi ikikauka inakolea. Wewe ulichagua kama udongo. Ingekuwa udongo ungepatia. Ungepatia kabisa."

Kuku wa Yustina walikuwa wanaparua kwenye majani niliyoyaacha. Theopista alisimama vilevile, mkono mmoja kwenye nguzo ya baraza.

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu ulipochovya kidole."

"Na yule fundi?"

"Alitaka kukwambia. Nilimkanyaga."

"Nyanzala!" Wiliam alisema. Alilitamka jina langu kama ameliona barabarani limegongwa.

"Wewe nyamaza," mama yake alimwambia, bila kugeuka. "Naongea na mwanamke mwenzangu."

Nilingoja kofi. Ningelipokea. Lakini yeye aliinua uso taratibu, akatazama ng'ambo ya ua, juu ya nyumba ya jirani.

"Bati la Yustina lina kutu," alisema. "Upande wa kushoto, bati la tatu." Akashusha macho kwenye kuku. "Yule mwekundu ana unyoya mmoja mweupe mkiani." Akageukia kamba ya nguo. "Vibanio saba. Saba au si saba?"

Nikahesabu. Vilikuwa saba, na kimojawapo kilikuwa kimejificha nyuma ya shati la Wiliam, kimetokeza ncha tu.

"Saba, mama."

Alivuta pumzi ndefu. Mgongo ukamnyooka, nauona mpaka leo ulivyonyooka, pingili kwa pingili. Akashuka ile ngazi moja bila kutazama chini.

"Wiliam, fungua hilo begi."

"Mama?"

"Fungua, ulirudishe ndani. Siendi mahali." Akanisogelea mpaka nikasikia harufu ya ugoro wake. "Na wewe Msukuma, kikulacho ki nguoni mwako. Nilikuwa nasema siku zote, watu wakaniona nina roho mbaya. Sasa nina ushahidi kwa mdomo wako mwenyewe. Unadhani nitaacha raha hii nikalale jikoni?"

Jina la Mama Evaline lilikuwa limeishi dakika tano. Akanyoosha mkono, nikamrudishia jiwe lake.

"Ile nyingine iko wapi?" aliuliza. "Ile ya uji wa mtoto."

Kumi na nne ilikuwa chini ya kitanda changu. Nilikuwa sijairudisha dukani, na sitaeleza kwa nini, kwa sababu sijui. Nikaileta, nikaifungua kwa kijiko. Theopista alikaa kwenye mkeka barazani, akakunja mkono wa blauzi, akanyoosha mkono wake kwangu, upande wa ndani juu.

"Paka."

Nikachovya kidole, nikampaka mstari mmoja. Ngozi yake ilikuwa laini kuliko nilivyodhani.

"Sasa kaa," alisema.

Nikakaa. Tukangoja. Theopista, ambaye maisha yake yote hakuwahi kungoja kitu kikauke, alikaa barazani kwangu amenyoosha mkono juani kama mtoto wa shule, na mimi pembeni yake. Wiliam alikuwa anaingia na kutoka na lile begi, hajui aliweke wapi. Mstari ulianza kukolea pembeni, ukaingia ndani taratibu, wekundu ukajitokeza kwa mbali. Alikuwa anaufuata kwa macho bila kupepesa. Mara moja aliguna, na mimi nikajua ni wapi ameguna na kwa nini, maana na mimi niliona.

Ulipokauka aliweka kipande cha ukuta juu yake. Hakikuonekana kilipoanzia wala kilipoishia.

"Inakwenda kinyumenyume," alisema. "Kama nyie." Akashusha mkono wa blauzi. "Utapaka wewe. Siyo Zablon. Kuta zote nne, kwa mikono yako, na mimi nitakaa mlangoni nakuangalia. Na nikiona doa moja tu la ile nyeusi umeliacha, siku hiyohiyo naondoka kwenye nyumba hii."

Nilipaka Jumapili nzima baada ya misa, mikono miwili ya rangi, mmoja juu ya mwingine, na matusi yake nyuma ya kisogo changu tangu dari mpaka sakafu. Nashika brashi kama ng'ombe, naruka kona, mama yangu alinifundisha nini. Nilimjibu yote. Ilipofika jioni chumba kilikuwa kimepata rangi ya nyumba ya Majimoto, naye akapita ukuta kwa ukuta na kipande chake.

Nyuma ya mlango, usawa wa goti, nilikuwa nimeacha doa la kumi na tano, upana wa kiganja. Alilifikia mwisho. Aliliangalia, akaniangalia, akausukuma mlango mpaka ukutani, ukalifunika.

Kesho yake asubuhi aliamka kabla yangu, akafagia ua wote, halafu akaninyooshea ufagio akaniambia bado kuchafu.